Padri anayejicheka: juu ya kinaya katika "Entre les eaux" na msomaji anayejitafuta humo

Ni vigumu kumkuta mseminari wa Katanga aliyefika mwaka wa pili wa filosofia bila kusikia habari ya Entre les eaux. Kitabu hicho kilitoka Paris mwaka 1973, kwa Présence Africaine, na aliyekiandika ni mtoto wa mji huu wetu: V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, akafariki mwezi wa nne wa mwaka 2025 kule Marekani, baada ya miaka mingi ya kufundisha huko. Tangu habari ya kifo chake itufikie, kitabu kimeanza tena kupita toka mkono hadi mkono. Hilo ni jambo jema. Lakini namna wengi wanavyokisoma hainipendezi, na ndiyo maana ninashika kalamu.

Wako wanaokisoma sawa na kesi ya teolojia ya maadili: je, padri ana ruhusa ya kuwafuata watu wenye bunduki? Hao wanamtaja Camilo Torres, padri wa Kolombia aliyejiunga na waasi wa nchi yake na kuuawa Februari 1966. Wanataja maasi yetu wenyewe ya mwaka 1964, Kwilu na Mashariki. Wanapanga sababu za ndiyo na sababu za hapana, kisha wanafunga kitabu. Wengine wanakisoma sawa na maungamo ya mwandishi. Wamesikia kwamba Mudimbe alilelewa katika seminari tangu utoto, kwamba alikaa kwa Wabenedikto kule Rwanda, akaondoka. Basi wanasema: huyu Padri Landu wa kitabu ni yeye mwenyewe. Wanasahau kwamba Landu ni padri na Mudimbe hakupata upadri kamwe. Umbali huo si mdogo. Mtu aliyeondoka kabla ya mlango amemwandika mtu aliyeingia, na amemfanya aseme "mimi" toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Wasomaji wa kwanza na wa pili wanapita kando ya jambo moja: kitabu hiki kinacheka. Kinacheka kwa sauti ya chini, lakini kinacheka, na asiyesikia kicheko hicho hajakisoma.

Kicheko cha namna hiyo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wamezoea kukiita kinaya, nami nitatumia neno lao. Kinaya si mzaha mtupu, wala si matusi. Ni kusema neno moja ambalo ndani yake limefichwa neno jingine, na mara nyingi lile la ndani linalipinga lile la nje. Anayesikia la nje tu amebaki barazani. Anayesikia yote mawili ameingia nyumbani, na akiingia anafurahi, kwa sababu amejiona mwerevu. Watoto wetu wanalijua jambo hili kabla ya kujua kusoma. Kalulu anapomsifu Simba kwa nguvu zake, mtoto anacheka, maana anajua sifa zile ni mtego. Mtoto yuko upande wa Kalulu. Sijaona bado mtoto aliyesikiliza hadithi ile akajiweka upande wa Simba.

Nabii Natani alijua kutumia furaha hiyo. Alipotumwa kwa mfalme Daudi, alimpa hadithi ya tajiri aliyemchukua kondoo mmoja wa masikini, na Daudi akapanda mara moja kwenye kiti cha hakimu. Hasira yake ilikuwa ya haki, hukumu yake pia. Alikosa jambo moja tu, alidhani yuko nje ya hadithi. (Someni tena sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Samweli. Wahubiri wengi wanakimbilia dhambi ya Daudi na toba yake, wanauruka ufundi wa Natani.) Nabii angeweza kumkaripia mfalme usoni. Lakini mfalme aliyekaripiwa anajitetea. Mfalme aliyekwisha kutoa hukumu kwa kinywa chake hana tena pa kukimbilia, na hapo, pengine kwa mara ya kwanza katika habari ile yote, anajifahamu ni nani.

Kwa hiyo kinaya kinaweza kufanya kazi mbili juu ya nafsi ya msomaji. Kwanza kinampandisha, halafu, kama mwandishi ana moyo wa Natani, kinamshusha. Vitabu vingi vinaishia kwenye kupandisha.

Chukueni kitabu kingine ambacho mapadri wamekigombania sana, Le pauvre Christ de Bomba cha Mongo Beti wa Kamerun, kilichotoka mwaka 1956. Anayesimulia ni Denis, kijana mtumikiaji wa Misa, anayeandika katika daftari yake safari ya mkubwa wa misioni, Padri Drumont, katika nchi ya Watala. Denis anampenda padri wake, anaandika kila analoona, na nusu yake haielewi. Sisi tunaielewa. Anaposhangaa kwamba Watala wameacha dini, sisi tunaona sababu mbele yake. Anapotaja sixa, ile nyumba ambamo wasichana wachumba walikaa miezi mingi wakifanyia misioni kazi kabla ya kufunga ndoa ya Kikristu, sisi tunasikia harufu ya uozo kabla yake. Kinaya chote kimejengwa juu ya tofauti ya kimo: msomaji mrefu, msimulizi mfupi. Mongo Beti ni fundi, tena amesema kweli ambayo ilihitaji kusemwa. Lakini mseminari akikifunga kitabu kile anabaki alivyokuwa. Amemhurumia Denis, amemhukumu Drumont, amejisikia mwenye akili kuliko wote wawili. Amekaa kwenye kiti cha Daudi, na Natani hakufungua kinywa mara ya pili.

Pierre Landu si Denis. Ni padri Mwafrika aliyesoma Roma, anayejua Kilatini chake, anayewajua Wababa wa Kanisa na kumjua Marx, na ambaye tayari amejiambia mwenyewe yote ambayo msomaji angependa kumwambia. Anaiacha parokia na kuingia msituni kwa waasi, kwa sababu ameona Kanisa analolitumikia limefungamana na wenye nguvu na wenye mali, na anataka kumtafuta Kristu upande wa pili. Waasi hawamwamini. Kwao padri ni mtu wa wakubwa hata akivua kanzu. Anaandika barua kwa askofu wake, barua inakamatwa, anahukumiwa kufa. Halafu askari wa serikali wanaishambulia kambi, na mtu huyu aliyewaendea waasi ili awe wao anaokolewa na bunduki za upande alioukimbia. Baadaye anaishi na mwanamke. Hilo nalo halidumu. Mwisho tunamkuta ndani ya monasteri, na jina jipya.

Angalieni namna mambo haya yalivyopangwa. Kwa wale aliowaacha, Landu ni msaliti kwa sababu ya kuondoka. Kwa wale aliowaendea, ni msaliti kwa sababu ya barua. Pande mbili zinazochukiana, zisizopatana juu ya jambo lolote chini ya jua, zimepatana juu ya jina la mtu huyu. Kama hicho si kinaya, sijui kinaya ni nini.

Na Landu mwenyewe anakiona. Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo penye uzuri wa kitabu. Hangoji msomaji amcheke. Anajicheka wa kwanza. Anasali, na papo hapo anamtazama mtu anayesali. Anajuta, na katikati ya majuto anapima kama majuto yake yana sura nzuri. Anajua kwamba maneno anayoyatumia kuikana Ulaya amepewa na Ulaya. Anajua kwamba hata hasira yake imepita shule.

Msomaji wetu akifika hapo anafurahi sana. Hatimaye amempata katika kitabu padri wa Kiafrika ambaye si mjinga, wala si mtakatifu wa sanamu, wala si kibaraka. Anasema: huyu ni mimi. Nimewasikia waseminari wakisema hivyo, tena kwa Kifaransa kizuri, na macho yao yaling'aa. Sikushangaa. Kijana aliyetoka kijijini akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akafundishwa kuota kwa lugha ambayo mama yake haisikii, anajua vizuri kuishi huku akijitazama. Akimkuta Landu anapata ndugu. Na kwa kuwa ndugu huyo anasema kwa akili nyingi, shida ile iliyokuwa aibu inageuka sasa kuwa heshima. Anaanza kutembea na kinaya cha Landu sawa na mtu aliyevaa koti jipya.

Lakini katika kitabu mna vinaya viwili, wala havisemi jambo moja. Kuna kinaya cha Landu, na kuna kinaya cha kitabu juu ya Landu. Cha kwanza kinasikika mara moja. Cha pili kinasikika kwa yule anayeuliza swali la kawaida kabisa, la watu wa kazi: baada ya kuona udanganyifu wake, mtu huyu anafanya nini? Jibu ni kwamba hafanyi kitu. Kila mara anapogundua kwamba amejidanganya, anapumzika katika ugunduzi huo. Kulijua kosa kumechukua pahali pa kuliacha. Anahama, ndiyo: toka parokia hadi msitu, toka msitu hadi nyumba ya mwanamke, toka hapo hadi monasteri, lakini yule mtazamaji aliyemo ndani yake hahami, anabeba kiti chake kila pahali. Landu ni Daudi aliyejifunza kazi ya Natani. Anajihukumu mwenyewe mapema, kwa ufundi mkubwa, hivi kwamba nabii akifika anakuta kesi imekwisha na mshitakiwa anakunywa chai.

Hapo ndipo msomaji aliyesema "huyu ni mimi" anashushwa. Alidhani amechagua rafiki mwenye akili kuliko wengine wote. Anakuta akili ile ndiyo mlango uliofungwa. Wala hawezi kukimbia kwa kumcheka Landu toka juu, sawa na alivyomcheka Denis, kwa sababu kumcheka Landu toka juu ndiko kufanya lile lile analolifanya Landu. Ni sawa na ule mtego wa Injili ya Luka, sura ya 18: atakayemaliza kusoma habari ya Mfarisayo na mtoza ushuru, akamshukuru Mungu kwamba yeye hafanani na yule Mfarisayo, amekwisha kunaswa.

Jina la kitabu lenyewe lina jambo la kutufundisha, sisi tunaosoma Kifaransa na kufikiri kwa Kiswahili. Wafaransa wakisema juu ya mtu kwamba anaogelea kati ya maji mawili, maana yao ni kwamba hataki kuchagua upande. Msemo huo unamwacha mtu na heshima yake: maji ya huku, maji ya huko, na yeye katikati, mwenye kuamua. Sasa litafsirini jina hilo kwa Kiswahili chetu. "Kati ya maji." Kiswahili hakiyahesabu maji. Hakuna maji ya kwanza na maji ya pili. Mtu aliye kati ya maji yumo ndani ya maji, anaogelea au anazama, basi. Kifaransa kinampa Landu pahali pa kukaa na kujitazama. Kiswahili kinamnyang'anya. Mimi naona tafsiri hiyo ya masikini inakifahamu kitabu kuliko wasomi wengi waliokieleza.

Jambo la majina linatuhusu sisi wa Likasi kwa namna ya pekee. Mji wetu ulibeba jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière, hadi mwaka 1966 uliporudishiwa jina lake. Watu walilala Jadotville, wakaamka Likasi, na kiwanda cha Shituru kiliendelea kutoa shaba ile ile. Mwaka 1972 ikaja zamu ya watu. Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu. Kardinali Malula alipinga, akapaswa kuondoka nchini na kukaa Roma miezi kadhaa. Valentin-Yves Mudimbe akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi mbili za mwanzo, V na Y, hazikubadilika: anayetaka asome jina la ubatizo, anayetaka asome jina la mababu. Sijui mfano bora wa kinaya kilichoandikwa kwa herufi mbili tu.

Mwaka mmoja baada ya amri ile kitabu kinatoka, na mtu wake anaitwa Pierre. Mwisho wa safari, ndani ya monasteri, anaitwa Fratri Mathieu-Marie de l'Incarnation. Pimeni jina hilo. Mtu ambaye hakuweza kukaa parokiani, wala msituni, wala katika nyumba ya ndoa, mtu ambaye hakupata kukaa hata ndani ya mwili wake mwenyewe bila kujichungulia toka nje, anapewa jina la fumbo la Neno aliyefanyika mtu na kukaa kwetu. Mudimbe hasemi kitu. Anaandika jina, anaondoka. Wengine wanaona hapo amani iliyopatikana mwishoni. Pengine ndiyo sababu mojawapo iliyokifanya kitabu kipewe mwaka 1975 Tuzo Kubwa la Kikatoliki la Fasihi kule Ufaransa. Mimi siioni amani hiyo. Ninaona koti la nne.

Kierkegaard, yule Mdenmarki, aliandika mwaka 1841 kitabu kizima juu ya kinaya, akimchukua Sokrate kuwa mfano. Waseminari wanaokisoma wanachoka upesi, na siwalaumu, lakini fikara moja inafaa kushikwa. Kinaya kinamfungua mtu toka yale aliyopewa bila kuyapima: desturi, vyeo, majina, maneno ya wakubwa. Kwa kazi hiyo hakuna chombo kinachokizidi. Lakini kikimaliza kumfungua hakina kitu cha kuweka mikononi mwake. Nadhani ndivyo ilivyo. Kinaya kinaweza kumwambia kijana kwamba yeye si yule mtoto mwema wa picha ya misioni, wala si yule mwana wa mababu wa hotuba za mwaka 1972. Hakiwezi kumwambia yeye ni nani. Hilo analisikia toka kwa wanaomwita kwa jina wakiwa na haja naye.

Ninaandika haya kwa sababu ninaona kinaya kimekuwa lugha ya nyumbani katika nyumba zetu za malezi. Mezani tunacheka mahubiri ya jana. Tunawaigiza wakubwa, wengine wanaiga vizuri ajabu, wangepata nafasi kati ya wachekeshaji wa Mufwankolo kule Lubumbashi. Hilo si baya. Nyumba isiyocheka ina ugonjwa mwingine. Lakini wako vijana ambao hawajui tena kutaja wito wao bila tabasamu ya pembeni. Ukiwauliza kama wanataka upadri, wanajibu kwa msemo wa kuchekesha. Ukiwauliza mara ya pili, kwa msemo mwingine. Wakirudi likizoni na mama zao wakiomba wawasalie mgonjwa, wanasali, tena vizuri, na ndani yao mtu mmoja amekaa pembeni akitazama. Baada ya upadrisho mtu huyo wa pembeni haondoki kwa sababu ya mafuta matakatifu. Anakwenda naye parokiani. Anasimama kaburini karibu naye. Siku ya shida, padri anapopaswa kuchagua kati ya kubaki na kuondoka, yule wa pembeni ana maneno mazuri kwa uchaguzi wowote.

Nasikia wengine wanasema: basi kitabu hiki kiondolewe, kinawaharibu vijana. Huko ni kumvunja mwenye kioo kwa sababu ya kidonda cha usoni. Ugonjwa huu Landu hakuuleta, ulikuwamo. Yeye anatuonyesha unakofika, bila kutuhubiria, na kijana mmoja katika watatu atalisikia hilo vizuri kuliko mafungo ya siku tano. Afadhali kisomwe mchana, pamoja na mtu wa kubishana naye, kuliko chini ya blanketi.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, na aliyenifungua macho si profesa. Ni katekista mmoja mzee wa hapa Likasi ambaye nilimsimulia habari yote kwa Kiswahili, jioni mbili mfululizo. Pale ninapocheka, hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: na parokia ile ilibaki na nani? Nani aliwazika watu miezi ile?

Nikarudi kitabuni kutafuta. Swali hilo halina pahali. Wakristu wa Landu, wale ambao juu yao anapigana na Kanisa na kwa jina lao anaingia msituni, hawaji kumuuliza kitu. Mtu anaweza kumtetea Mudimbe na kusema: ni kwa kusudi, upofu huo ni wa Landu, yeye ndiye asiyewasikia. Ninaikubali nusu ya jibu hilo. Kitabu kinachosemwa chote na "mimi" hakiwezi kuonyesha zaidi ya kile ambacho "mimi" anakiona. Lakini mwandishi mwenye ufundi wa namna ile alikuwa na njia mia za kulipitisha neno la mtu mwingine katika ufa wa ukuta, sawa na Mongo Beti alivyoyapitisha maneno ya Watala katika daftari ya kijana asiyeyaelewa. Mwanamke aliyeishi na Landu naye tunamwona kwa macho ya Landu tu, na hatupati hata dakika moja ya kujua yeye alimwonaje mume aliyekuwa akijitazama mezani. Angekuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1988, katika The Invention of Africa, Mudimbe ataonyesha kwa elimu kubwa namna Afrika ilivyosemwa kwa maneno ya wengine, wamisionari na wasomi wa Ulaya, hata Waafrika wenyewe walipotaka kujisema walikuta maneno yamekwisha kukaliwa. Nasoma, nakubali. Halafu nawakumbuka wale wa parokia, ambao hata padri wao hakuwaachia nafasi ya kusema.

Pengine mwandishi mwenyewe alilisikia swali la namna hiyo, kwa sababu kitabu chake cha mwisho cha hadithi kinasimama upande mwingine kabisa. Ni Shaba deux, kilichotoka mwaka 1989. Hicho hakisomwi sana na waseminari, labda kwa sababu anayesema si padri msomi bali ni sista. Ni daftari ya Mama Marie-Gertrude, Mfransiskana Mwafrika wa Kolwezi, katika vita vya mwaka 1978, wapiganaji walipoingia mjini toka Angola mwezi wa tano na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka siku chache baadaye. Vita vinapokuja, masista wa Ulaya wanaondoka, na nyumba inabaki mikononi mwake.

Hapo pia kuna kinaya, tena kikali. Miaka yote alikuwa yule Mwafrika wa kufundishwa na kungojewa akomae. Siku ambayo hakuna mwingine wa kubaki, anakuwa amekomaa. Lakini kinaya hicho kimo katika mambo yenyewe, hakimo kinywani mwake. Anakiona, anakiandika, halafu kuna mlango unaogongwa. Hana pembeni pa kukaa. Anajiuliza maswali kama ya Landu, juu ya imani, juu ya nchi, juu ya mwili wake wa kike na weusi katika nyumba ile, lakini anajiuliza huku watu wanamngoja, na hilo linayabadilisha maswali. Msomaji hawezi kumcheka toka juu, wala hapati kwake koti la kuvaa. Anabaki anamtazama mtu anayefanya kazi, mpaka daftari inapokatika.

Mwaka huu nimewapa waseminari wawili vitabu hivyo kwa mpango huo: Landu kwanza, kisha Mama Marie-Gertrude. Mmoja alirudisha vyote viwili baada ya wiki tatu na kunipa maelezo mazuri sana. Wa pili alirudisha cha kwanza, akasema kilimchekesha. Cha pili bado anacho, na nimemwambia asiharakishe.